Mtoto Anapohara, Usingoje Meno Yatoke

Popote ulipo, iwe ni hapa Kinoru karibu na uwanja wa michezo, iwe ni Kaaga, Makutano, Nkubu au Mitunguu, na hata wenzetu wa Chuka na Embu mnaotusikiliza, vuta kiti uketi. Kama umempakata mtoto, ni vizuri zaidi, maana mazungumzo ya leo yanamhusu yeye. Na kama baba yumo nyumbani, tafadhali mwite naye asikie. Kuna sehemu inayomhusu hasa, na nitamwambia ikifika.

Leo tunazungumza juu ya kuhara, au kuendesha kama wengi wetu tunavyosema. Ni ugonjwa ambao kila mzazi ameuona, na labda ndiyo sababu hatuuogopi vya kutosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2024 kwamba kuhara huua zaidi ya watoto 440,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka ulimwenguni. Wengi wao hawahitaji dawa ya bei kubwa wala mashine. Wanahitaji maji, chumvi kidogo, sukari kidogo, na mtu mzima aliyeamua mapema.

Kwanza tuelewane juu ya kuhara kwenyewe. Mtoto akipata choo chepesi kama maji mara tatu au zaidi kwa siku moja, huyo anahara. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee huwa na choo laini, cha rangi ya manjano, na anaweza kwenda mara nyingi kwa siku. Huyo si mgonjwa. Mama anayemjua mtoto wake ataona mabadiliko: choo kimekuwa maji matupu, kimekuwa kingi kuliko kawaida, harufu imebadilika.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuchelewesha. Mtoto wa miezi saba anaanza kuhara Jumatatu. Mama anamwambia jirani, jirani anaangalia mdomoni, anagusa ufizi kwa kidole, kisha anasema, "Ni meno haya, mama. Yataisha." Nyanya naye anakubali, maana hata baba wa mtoto huyo alihara alipoota meno. Jumatano mtoto amelegea.

Hebu tufikiri pamoja. Jino la kwanza hutoka karibu na miezi sita, na meno ya utotoni, ambayo ni 20, humalizika kutoka mtoto akiwa na karibu miaka miwili na nusu au mitatu. Kama meno ndiyo yanayoleta kuhara, basi kila mtoto angehara kwa miaka miwili mfululizo. Jino linalotoka linaweza kumfanya mtoto alie, atokwe na mate mengi na atafune kila kitu. Haliwezi kumwaga maji ya tumbo lake.

Lakini mbona mambo haya mawili hutokea wakati mmoja? Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona vizuri, ila sababu ni nyingine. Miezi sita ndio umri ambao mtoto anaanza kutambaa. Anaokota punje ya mahindi uani mahali kuku walipopita, anaitia mdomoni. Ndio umri anaoanza kupewa uji, ndizi ya kupondwa na maji, na vyote hivyo vinapitia mikononi mwetu na katika vyombo vyetu. Ndio umri pia ambao kinga aliyopewa na mama kabla ya kuzaliwa imepungua. Na kwa kuwa ufizi unamwasha, anatia mdomoni hata kile ambacho angekiacha. Kwa hivyo meno yanatoka, na vijidudu vinaingia, kwa msimu mmoja. Tunalaumu jino kwa sababu ndilo tunaloliona.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi inayotokana na mawazo haya. Katika sehemu kadhaa za Kenya, Uganda na Tanzania wapo watu wanaodai kwamba mtoto anayehara ana "meno ya plastiki" ndani ya ufizi, na wanayachokoa kwa msumari, wembe au spoki ya baiskeli. Kile wanachokitoa na kumwonyesha mama ni chipukizi la jino halisi la mtoto, jeupe na laini kwa sababu halijakomaa. Mtoto anaondoka na kidonda, anaweza kutokwa na damu nyingi au kupata pepopunda, na bado anahara vilevile. Usikubali, hata kama anayependekeza ni mtu unayemheshimu.

(Muziki mfupi.)

Mpenzi msikilizaji, kuhara kunaua vipi? Mwili wa mtoto kwa sehemu kubwa ni maji. Mtoto wa kilo 8 akipoteza maji yenye uzani wa gramu 800, yaani hata lita moja haijafika, yuko karibu na kifo. Mtu mzima akipoteza kiasi hicho atasikia kiu tu. Ndiyo maana hatuwezi kulinganisha tumbo la baba lililoendesha baada ya sherehe na tumbo la mtoto. Na pamoja na maji hayo, mtoto hupoteza chumvi ambazo moyo na misuli yake huhitaji ili kufanya kazi.

Wengine hufikiri, "Kama maji yanatoka hivi, basi nisimpe maji, yakauke." Ni kosa linaloeleweka, lakini ni kosa linaloua. Utumbo wa mtoto anayehara umeumia, lakini bado una mlango mmoja ulio wazi. Chumvi na sukari zikifika pamoja kwenye ukuta wa utumbo, kwa kiasi kinachofaa, huingia mwilini zikishikana mkono, na maji huzifuata. Maji matupu hayaingii vizuri hivyo. Sukari nyingi mno nayo huvuta maji kutoka mwilini na kuyarudisha tumboni, ndiyo sababu soda na juisi za dukani humzidishia mtoto kuhara.

Mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijazana katika kambi upande wa India na kipindupindu kikazuka. Maji ya kutia kwenye mishipa yakapungua. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji, na akawaruhusu jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu wagonjwa 30 katika kila 100, vilishuka hadi chini ya wagonjwa 4 katika kila 100. Waliofanya kazi hiyo walikuwa akina mama, akina baba, dada na kaka, wameketi chini kando ya mgonjwa. Hicho ndicho kilichomo ndani ya ile pakiti ya ORS unayopewa kwenye zahanati au kuinunua kwenye duka la dawa.

Sasa kuichanganya, na hapa nataka tuende polepole, maana ndipo wengi wanapokosea. Soma pakiti kwanza. Pakiti nyingine ni za nusu lita, nyingine ni za lita nzima. Tuseme yako ni ya nusu lita. Nusu lita ni mililita 500. Chupa ya soda ya kioo, ile ndogo ya kawaida, ni mililita 300 tu. Ukimwaga pakiti nzima katika chupa moja ya soda utampa mtoto chumvi nyingi kupita kiasi, na hiyo inaweza kumdhuru. Tumia chupa ya maji ya plastiki iliyoandikwa nusu lita, ioshe vizuri. Chupa ya bia ya kawaida nayo ni nusu lita. Msinipeleke kwa pasta. Chupa tupu haina dhambi.

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina pakiti yote, koroga hadi iyeyuke, kisha onja mwenyewe. Ladha isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, umekosea kipimo; mwaga uanze upya. Usiichemshe baada ya kuchanganya, wala usiongeze sukari, maziwa au soda ili mtoto aipende. Ifunike. Ikikaa saa 24, kilichobaki kimwagwe na uchanganye nyingine.

Kama ni usiku wa manane, mvua inanyesha na hakuna pakiti nyumbani, unaweza kuanza na maji safi lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vimesawazishwa kwa kisu, si vya kurundika. Hii ni ya kushikilia hadi asubuhi upate ORS. Mimi kwa maoni yangu, nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano iwe na pakiti mbili au tatu kabatini kama inavyokuwa na kiberiti.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha kuhara, yaani kati ya robo na nusu ya kikombe cha chai. Mwenye miaka miwili na zaidi apewe mililita 100 hadi 200. Kwa mdogo tumia kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Ndiyo, inachosha. Mkono utauma, na ng'ombe atalia zizini akitaka nyasi. Hapo ndipo jamaa wapokezane. Mtoto akitapika, usikate tamaa ukasema dawa imekataa. Ngoja dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi. Mara nyingi anayetapika ni yule aliyemeza kikombe kizima kwa kiu.

Pamoja na ORS, omba zinki. Hivi ni vidonge vidogo vinavyoyeyuka ndani ya kijiko chenye maji safi, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa mtoto mchanga. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa miligramu 10 kwa siku, wa miezi sita na zaidi miligramu 20, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Zinki husaidia utumbo kupona, hupunguza siku za kuhara, na humkinga mtoto asihare tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Shida ni kwamba siku ya tatu choo kinashikana, na vidonge vilivyobaki vinasahaulika juu ya kabati. Malizia siku zote ulizoambiwa.

Nanyi mnaokimbilia dawa za kuzuia tumbo zinazotumiwa na watu wazima, ziacheni. Zinafunga utumbo, na kwa mtoto mdogo ni hatari. Flagyl na viuavijasumu vingine pia si vya kila kuhara. Mara nyingi kuhara kwa watoto wadogo husababishwa na virusi, na dawa hizo haziviui. Mtoto mwenye damu kwenye choo anahitaji dawa, na ya kuchaguliwa na mhudumu wa afya, si ya kuchaguliwa na muuzaji.

Na chakula? Mama anyonyeshe, tena mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Maziwa ya mama hayachafuki kwa sababu umetembea juani au umegombana na mtu. Mtoto aliyeanza kula aendelee kula kidogo kidogo: uji wa wimbi, viazi vilivyopondwa, maziwa mala, supu. Hapa kwetu ndizi hazikosekani, na ndizi mbivu iliyopondwa humrudishia mtoto potasiamu anayoipoteza. Akishapona, mwongezee mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili, maana ugonjwa umemwibia uzani. Angalia mchoro wa uzani katika kijitabu chake cha kliniki utaona mstari ulivyoshuka.

Sasa sikiliza kwa makini dalili hizi. Macho yameingia ndani. Mtoto analia bila machozi. Nepi imekaa kavu saa sita. Anakunywa kwa pupa, anang'ang'ania kikombe. Shika ngozi ya tumbo lake kati ya kitovu na ubavu, ivute kidogo kwa vidole viwili kisha uiachilie. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Ikibaki imesimama kwa zaidi ya sekunde mbili, ni hatari kubwa. Kwa mtoto ambaye utosi wake haujafunga, utabonyea. Utosi uliobonyea si ugonjwa wa utosi, kwa hivyo kuupaka mafuta au kuufunga kitambaa hakusaidii kitu. Ni kama tangi la maji lililoteremka kipimo. Unajaza tangi, hupaki rangi kipimo.

Mtoto mwenye dalili yoyote kati ya hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, huku akiendelea kunyweshwa ORS njiani. Na aende upesi, hata usiku, kama hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo, amepata degedege, au amelegea na hakuitikii unapomwita. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayehara asingojewe nyumbani hata kama anaonekana mzima. Aliyehara kwa siku 14 naye achunguzwe, hata kama anacheza.

Baba, hii ndiyo sehemu yako. Mara nyingi mama ameona dalili saa mbili usiku lakini anangoja baba arudi, maana pesa za boda boda ziko mfukoni mwa baba na uamuzi uko mdomoni mwake. Baba anarudi saa tano, anasema tulale tuone asubuhi. Mtoto anayepoteza maji hana saa kumi za kungoja. Kaeni leo, mtoto akiwa mzima, mkubaliane: akionyesha dalili hizi, yule aliye naye nyumbani, awe mama, nyanya au msichana wa kazi, amchukue aende bila kuomba ruhusa. Pesa za nauli ziwekwe mahali wote wanapajua. Namba ya mwendesha boda boda mnayemwamini iandikwe ukutani. Kwa walio Kinoru hospitali ya rufaa ya Meru haiko mbali, lakini aliye ndani vijijini kwenye matope ya Aprili au Novemba anahitaji mpango huo mara kumi zaidi.

Na nyanya, usidhani tumekusahau. Mama akienda soko la Gakoromone na ndizi zake alfajiri, au akienda kuchuma majani chai, wewe ndiwe daktari wa mtoto huyo hadi jioni. Mama amwonyeshe nyanya pakiti, amwonyeshe chupa ya kupimia, wachanganye pamoja mara moja. Kumwambia kwa simu mtoto akiwa tayari anahara ni vigumu.

Yabaki machache kuhusu kuzuia. Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo huleta kuhara kukali kwa watoto wadogo, ilianza kutolewa Kenya Julai 2014. Ni matone ya mdomoni, mtoto huanza kupewa akiwa na wiki sita, kwa hivyo usichelewe kliniki. Hadi miezi sita ampe maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila glukosi. Chupa ya kunyonyea iacheni; chuchu yake haioshekeki vizuri. Kikombe na kijiko vinatosha.

Uji uliopikwa saa kumi na mbili asubuhi ukawekwa kwenye thamosi hadi saa nane mchana si salama kama tunavyofikiri. Ukiwa vuguvugu, vijidudu huzaana humo kwa raha. Pika kidogo, au uchemshe tena hadi utokote. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yale yanayoonekana meupe ya kutoka mlimani. Na kuku wapewe banda. Najua kuku ni mali, lakini mahali mtoto anapotambaa pasiwe mahali kuku wanapolala mchana. Tandika mkeka, na kila unapouinua uuoshe.

Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumpangusa mtoto, na kabla ya kushika chakula. Choo cha mtoto mchanga nacho kina vijidudu, hata kama hakinuki sana. Kitupwe chooni, si kwenye migomba nyuma ya nyumba. Kama bomba liko mbali, toboa tundu dogo kwenye mtungi wa plastiki wa lita tano, uuning'inize karibu na choo, na sabuni ifungwe kwa kamba ili watoto wakubwa wasiende nayo mtoni.

Kuna swali ambalo huulizwa kila tukizungumza juu ya jambo hili: je, chai ya rangi inasaidia? Chai haimjazi mtoto chumvi anazopoteza, na ikiwa na sukari nyingi inaongeza kuhara. Mpe ORS, na chai ubaki nayo wewe. Utaihitaji, maana usiku huo utakuwa mrefu.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kukuonyesha namna ya kuchanganya ORS kwa macho yako. Wakibisha hodi, wafungulie na uwaulize. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kikohozi na kupumua kwa shida, na namna ya kuhesabu pumzi za mtoto akiwa amelala. Uwe na saa yenye mshale wa sekunde, au simu. Kwaheri kwa sasa.